Mnavu wa Aina Mbili

Kabla sijaeleza lolote, natenga niliyoyaona na niliyoyasikia.

Nilimwona mke wangu akichambua mboga kwenye kizingiti cha jikoni, Jumatatu mchana, hapa nyumbani kwetu Kitengela. Mboga hiyo ilikuwa mnavu, ambao sokoni huitwa managu. Niliona matunda madogo ya rangi ya chungwa yamebaki chini ya karai baada ya majani kutolewa. Nilimwona akiila kwa ugali, peke yake, kwa sababu mimi sikuwa mlaji wa mnavu. Uchungu wake haukunipendeza, na kwa miaka yote ya ndoa yetu alinipikia sukuma wiki kando bila kunung'unika. Kesho yake asubuhi alisema kichwa kinamuuma. Nilimwona akianguka kwenye kamba ya nguo, akiwa na shuka mkononi. Nilikuwa karibu na kitanda chake hospitalini alasiri ile alipokata roho. Hayo niliyaona.

Niliyoyasikia ni mengi zaidi. Nilisikia kwamba aliuziwa sumu. Nilisikia kwamba mwanamke wa Kimaasai aliyemuuzia hakujua kutofautisha mboga na magugu. Nilisikia pia kwamba kuna mama mwingine, upande wa pili wa mji, aliyeponea chupuchupu kwa mboga hiyo hiyo. Mama huyo nilimtafuta kwa siku tatu. Kila aliyenisimulia alikuwa amesimuliwa na mwingine, na nilipofika mwisho wa msururu nilikuta kwamba mgonjwa aliyezungumzwa ni mke wangu mwenyewe. Habari ilikuwa imezunguka mji, ikapata nyumba nyingine na matokeo mengine, kisha ikanirudia kama jambo jipya.

Nilifundisha biolojia katika shule za magharibi ya nchi hadi nilipostaafu, ndipo tukahamia huku kuwa karibu na watoto wanaofanya kazi Nairobi. Kwa hiyo mnavu ninaujua, ingawa sikuwa nikiula. Uko katika ukoo mmoja na nyanya, biringanya na viazi. Umo pia katika ukoo huo ndulele wenye miiba, uliojaa kando ya barabara ya Namanga, lakini huo hakuna mtu mzima anayeuchanganya na mboga. Tatizo liko kwenye minavu yenyewe, maana si ya aina moja, na miwili kati yake huota porini hapa kwetu ikikaribiana kiasi kwamba matawi hugusana.

Wa kwanza, ambao wataalamu huuita Solanum americanum, una matunda meusi yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Ni ya mviringo kamili, na vikonyo vyake vyote huanzia mahali pamoja, kama mbavu za mwavuli. Tunda likiiva, vijani vidogo vilivyolishika hukunjuka kuelekea nyuma. Shina lake ni laini. Wa pili ni Solanum villosum. Huu una vinyweleo kwenye shina, ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona. Ukingo wa jani lake una meno. Tunda lake limerefuka kidogo, lina rangi ya chungwa, na likiiva huachia kikonyo chake kwa urahisi na kuanguka. Hiyo ndiyo sababu matunda yalibaki kwenye karai. Kabla ya kuzaa, mtu asiye mwangalifu hawezi kuitofautisha.

Huo ndio ujuzi niliokuwa nao siku ya pili ya msiba, tulipokuwa tumekaa sebuleni na watu wa kwetu. Wanawake wa kwetu wanaoishi Kitengela ni wengi, na wote walikuja. Shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka magharibi, na alitaka kujua kila kitu.

"Shemeji, alikula nini mara ya mwisho?"

"Chai asubuhi. Siku iliyotangulia alikula mnavu."

"Wa kununua?"

"Wa kununua. Kwa yule mama anayetuletea maziwa."

"Mmaasai?" Aliweka kikombe chini. "Mmaasai ndiye alimuuzia mboga? Hao watu si husema majani ni ya ng'ombe?"

Mtu mmoja alicheka kidogo.

"Na ulikuwa wa matunda meusi?" shemeji akauliza.

Nikajibu kama nilivyozoea kujibu, yaani kwa kile nilichokiona na si zaidi. "Matunda niliyoyaona kwenye karai yalikuwa ya rangi ya chungwa."

"Uuwi!" Sauti hiyo ilitoka jikoni. "Hiyo si mboga, baba. Hiyo kwetu ni ya nyoka. Hata mbuzi hatuionyeshi."

Sikusema kwamba iliua. Sikusema kwamba haikuua. Nilitaja rangi ya tunda. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli na bado ni ya kweli, na ndiyo iliyotoka nyumbani kwangu kwa miguu ya waombolezaji ikafika sokoni kabla ya jua kutua. Nimeishi maisha yangu yote nikiwakemea watu wanaobeba maneno wasiyoyajua chanzo chake. Chanzo cha maneno haya kilikuwa mimi.

Mwanamke mwenyewe alikuja siku ya tatu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, na kwa miaka minne alikuwa akimletea mke wangu maziwa na mboga mara mbili kwa wiki, halafu anaendelea sokoni na zilizobaki. Kwetu mnavu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ukatiwa maziwa. Kwa hiyo bidhaa zake mbili ziliingia katika sufuria moja. Alikaa karibu na geti, chupa ya maziwa ya plastiki mapajani. Shemeji alimwendea, akaipokea chupa bila kumwamkia, akatembea hadi kwenye ua na kuyamwaga maziwa yote juu ya michongoma. Kisha akamrudishia chupa.

Nililiona hilo nikiwa nimesimama mlangoni. Nilikwenda pale alipokuwa mwanamke huyo, nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya."

"Iko," alijibu, na baada ya hapo akasema Kiswahili. "Mzee, pole. Mimi nilichuma ile mama alinionyesha mwenyewe. Ile ya kwanza nilimletea ilikuwa nyeusi, akasema hii ni ya watu wa sokoni, mimi niletee ya chungwa. Mimi mboga nimefundishwa na yeye. Sisi kwetu hatukuli. Sasa ningejua wapi?"

"Sina njia ya kujua hilo," nikamwambia.

"Lakini nimekuambia."

"Umeniambia. Kuambiwa si kujua."

Akafunga shuka lake vizuri, akaenda.

Nilimzika mke wangu nyumbani kwetu magharibi. Kuhusu mazishi sina la kuandika; nilikuwapo, watu walizungumza, nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Niliporudi Kitengela, juma moja baadaye, mwenyekiti wa wanawake wanaouza mboga alikuja kunipa pole. Alikuwa mama mnene mwenye sauti kubwa, na hata pole yake ilisikika hadi barabarani.

"Mwalimu, pole tena. Sasa, yule wa maziwa tumemwambia akae kando kidogo. Wateja wanauliza sana. Mtu anashika managu anaigeuza hivi na hivi, anaacha. Hata mimi ambaye nachuma kwa shamba yangu, anaacha. Wewe ukisema hakuna shida, yule wa maziwa anarudi hata kesho. Ukisema kuna shida, pia tutajua."

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama kuna shida au hakuna."

Alinikodolea macho. "Mwalimu, na vile umesoma?"

"Ndiyo sababu."

"Haya. Ukijua, utakuja utuambie." Aliinuka, akatikisa leso yake. "Lakini usikae kama serikali."

Nilikaa. Hospitali ilinipa karatasi iliyosema kwamba mshipa wa damu ulipasuka kwenye ubongo. Niliisoma kwa macho yangu. Shemeji, nilipomsomea kwa simu, alisema kwamba sumu ndiyo inayopasua mshipa, na kwamba madaktari huandika linalowafaa. Karatasi ni neno la daktari. Mimi sikuuona mshipa. Isitoshe, sufuria niliiosha mwenyewe siku ile ile niliporudi kutoka hospitalini. Niliikuta juu ya jiko na mboga iliyobaki, nikaimwaga, nikaisugua kwa waya mpaka ikang'aa, nikaifunika juu ya rafu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Hapakuwa na mtu wa kuipikia. Mboga ile ingeweza kupimwa mahali fulani, na niliitupa mimi.

Wakati huo sikuhisi mengi. Nilikunywa chai. Nililipa bili ya maji. Mboga nilinunua kwa mtu mmoja tu, kabichi peke yake, na nikipita sokoni niliona pengo kati ya muuza vitunguu na muuza omena, dagaa wa ziwani, ambapo mwanamke wa maziwa alikuwa akikaa. Nilijua kwamba linangoja neno langu.

Mwezi wa saba nilikuwa nikitafuta kibiriti kwenye droo ya jikoni, nikakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na mbegu ndogo, bapa, za rangi ya majani makavu. Juu ya karatasi, kwa mwandiko wa mke wangu, paliandikwa: "Managu nzuri, ya boma." Mwandiko huo niliufahamu kuliko wangu. Maneno yalikuwa manne, na hayakutaja rangi.

Nilizipanda katika magunia mawili yaliyojaa udongo na samadi, upande wa jikoni. Katika magunia mengine mawili nilipanda mbegu nilizozikamua kutoka matunda meusi, niliyoyachuma mwenyewe kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba za kupanga. Niliyamwagilia yote kwa maji ya kusuuzia vyombo, kiasi kimoja kila asubuhi. Majirani walidhani nimepata kitu cha kunituliza. Mmoja aliniambia juu ya ukuta, "Mwalimu, bustani ni dawa." Nilimwambia kwamba si bustani.

Nikiwa nangoja, nilikwenda pia kuona mahali mboga ile ilipochumwa. Mke wangu aliwahi kunieleza kwamba ni boma lililohamwa, upande wa Isinya, karibu na tangi la maji. Nilipanda gari hadi Isinya na kutembea. Boma lilikuwepo: duara la miiba iliyooza na, katikati, samadi ya miaka mingi iliyogeuka kuwa udongo mweusi. Mnavu ulikuwa umeota humo hadi magotini. Nilizunguka duara lote. Aina zote mbili zilikuwamo, ya matunda meusi upande wa mlango na ya chungwa upande wa ndani, penye samadi nzito, na katikati zikichanganyika. Kwa hiyo mchumaji alikuwa na nafasi ya kuchagua. Aliyechuma ya chungwa peke yake alikuwa amevuka nyeusi ili kuifikia. Mtu asiyejua angechuma zilizo mlangoni. Nilisimama pale nikilitafakari hilo, kisha nikarudi, kwa kuwa kutafakari si ushahidi.

Mwezi wa kumi, mimea ya mbegu za karatasi ilizaa. Kwanza nilipitisha kidole kwenye shina na kuhisi vinyweleo. Nikangoja tena majuma mawili, maana kuna aina ambazo huchelewa kugeuka. Siku moja asubuhi nilikuta tunda moja limeanguka juu ya udongo wa gunia. Lilikuwa la rangi ya chungwa. Kufikia mwisho wa juma yote yalikuwa hivyo, katika magunia yote mawili.

Mke wangu alikuwa amehifadhi mbegu za mnavu wa chungwa na kuziita nzuri. Alikuwa akiujua, akiutaka, na inavyoelekea alikuwa akiula kwa miaka. Mwanamke wa maziwa aliniambia hivyo pale getini, na nilimjibu kama nilivyokuwa nikimjibu mwanafunzi aliyeleta kazi bila kuonyesha njia.

Lakini jambo moja lilikuwa bado. Mtu anaweza kupenda kitu kinachomdhuru. Kwa hiyo nilichuma majani machanga ya aina ya chungwa, nikayachambua na kutoa kila tunda, nikayachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia maziwa kama nilivyomwona akifanya. Nilikula sahani nzima na ugali, siku ya Jumapili saa saba mchana. Sikuogopa, na mtu asidhani kwamba huo ulikuwa ujasiri. Nilikula kama mtu anayetia sahihi fomu. Uchungu ulikuwapo mwanzoni, halafu maziwa yakaufunika, na mwisho ulibaki nyuma ya ulimi, mfupi. Nilikula tena Jumatatu na Jumanne. Jumatano na Alhamisi nilikula wa matunda meusi, uliopikwa vivyo hivyo. Huo ulikuwa laini zaidi, na ladha yake haikukaa. Kwa miaka arobaini na mmoja nilikataa mboga ile mezani, na sasa nilikuwa nikilinganisha aina zake mbili jikoni bila mtu wa kumwambia ipi ni bora. Ya chungwa ni bora.

Ijumaa niling'oa mche mmoja wa kila aina, na mizizi yake, nikaitia katika ndoo na kwenda nayo sokoni.

"Jameni, Mwalimu amehamisha shamba!" mwenyekiti alipaza sauti aliponiona.

"Anataka plot," akasema muuza vitunguu. "Mzee, hapa ni wamama tu. Utavaa aproni?"

Nilisubiri wamalize kucheka. Kisha nikawaonyesha mche wa kwanza na wa pili, nikawaambia washike mashina. Walishika. Niliwaeleza kuhusu mbegu, karatasi na mwandiko. Niliwaambia nimekula ule wa chungwa siku tatu mfululizo na nimekuja hapa kwa miguu yangu. Niliwaambia kwamba mwanamke wa maziwa alimletea mke wangu kile alichoagizwa, na kwamba alichoagizwa ni mboga. Niliwaambia kuhusu karatasi ya hospitali pia, na kwamba hiyo niliisoma tu.

Muuza omena, mwanamke mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza, aliurudisha mche kwenye ndoo.

"Ya chungwa tunakula hata kwetu ziwani," alisema. "Si kitu mpya."

"Ulijua?" nikamuuliza. "Na hukusema?"

"Si ilikuwa inasemwa ni wewe umeona? Nani atasema juu ya mzee na bibi yake amekufa?" Aligeuza omena zake kwa kiganja. "Sisi hatukumfukuza, baba. Tulimwambia angoje useme. Ni wewe ulikaa."

"Niliwaambia sijui."

"Eeh. Na kwa mtu amefiwa, 'sijui' ni kusema ndiyo."

Mwenyekiti alisema mahali pa mwanamke wa maziwa pako, hakuna aliyepewa, na atampigia simu siku hiyo hiyo. Alipiga nikiwa nimesimama pale. Simu haikupokelewa. Alipiga ya pili, haikupokelewa. Muuza vitunguu alisema kwamba amesikia mwanamke huyo alikwenda Loitokitok kupalilia nyanya kwenye mashamba ya kumwagilia, na kwamba ng'ombe wa maziwa waliuzwa. Mwingine alisema hapana, yuko kwa dada yake Ewuaso. Niliwauliza nani kati yao amemwona. Hakuna aliyekuwa amemwona tangu mwezi wa nane.

Nilikwenda nyumbani kwake mara mbili. Mara ya kwanza nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mara ya pili nilimkuta mzee wa rika langu, aliyejitambulisha kuwa shemeji yake, akirekebisha lango la miiba. Nilimwambia nimekuja kusema kwamba nilikosea. Aliuliza nilikosea nini. Nilimweleza, na maelezo yalichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Hayo mwambie yeye," alisema mwishoni.

"Yuko wapi?"

"Akirudi nitamwambia ulikuja."

Sikuweza kupata zaidi ya hapo.

Tangu siku ile nimekuwa nikipita sokoni kila Jumatano na kila Ijumaa. Wanawake walikubaliana kufagia mahali pake pamoja na pao, na nimeona wakifanya hivyo. Mnavu umerudi kuuzwa, wa aina zote mbili, na wateja hawaugeuzigeuzi tena. Nimeambiwa kwamba simu yake sasa inaita. Nimeambiwa kwamba amesema atafikiria. Hayo nimeambiwa.

Juzi Jumatano, saa nne asubuhi, mahali pake, kati ya muuza vitunguu na muuza omena palikuwa pametandikwa gunia, na juu yake pamewekwa mafungu sita ya mnavu, yamefungwa kwa nyuzi za katani. Nilisimama hapo mpaka saa tano na nusu. Muuza vitunguu alikuwa amekwenda kuchukua mzigo, muuza omena alikuwa akihudumia watu, na mwenye gunia hakuwapo. Niliinama nikapitisha kidole kwenye shina la fungu la kwanza. Lilikuwa na vinyweleo vya ule wa chungwa.